Zamu ya Saa Nne

Saa nne usiku nafunga jengo la shule ya biashara.
Ghorofa tano, milango mia na sita,
na mimi, Tauno, na tita la funguo kiunoni
linalonitangulia kwa makelele kama mbwa mzee.
Nje ni Tampere, Februari, baridi ya kupasua chupa.

Oktoba walituita ukumbini sote:
wapishi, wafagizi, mafundi wa mitambo, mabawabu.
Mama mmoja wa ofisi ya ustawi, Marjut,
akatuonyesha maneno matatu ukutani:
Uliza. Sikiliza. Sindikiza.
Nusu siku nzima, kahawa na maandazi ya iliki.
Nikamnong'oneza mwenzangu Raili,
"Leo tumekuwa madaktari kwa mshahara wa bawabu."
Akacheka. Nikala andazi la pili.

Kicheko nacho kina deni lake.

Ghorofa ya tatu, chumba cha kazi za vikundi,
taa inawaka.
Kijana peke yake, koti limefungwa mpaka kidevuni,
kwenye kompyuta safu za tarakimu
zimesimama kama foleni isiyosogea.
Nimezoea kusema, "Tunafunga."
Neno moja, mtu anahama.
Usiku ule liliniganda kooni.
Uliza, ukuta ulisema. Niulize nini?
Mimi na takwimu hatujawahi kusalimiana.
Nikauliza nilijualo:
"Umekula lini?"

Akafikiri sana, kana kwamba ni swali la mtihani.
"Leo siku gani?"
"Alhamisi."
"Basi Jumanne."

Alhamisi huku ni siku ya supu ya njegere,
na chupa yangu ya moto ilikuwa nusu.
Akanywa kwa kifuniko. Mikono ilimtetemeka
mpaka supu ikachora ramani mezani.
Jina lake Eelis, kwao Kuhmo, karibu na mpaka.
Somo la takwimu limemwangusha mara mbili.
Kila Jumapili humpigia mama yake,
humwambia mambo yanakwenda,
na mama huwaambia majirani,
na majirani wameshaanza kumwita mkurugenzi.
"Nimejipiga moyo konde," alisema,
"sasa limebaki konde, moyo siuoni."

Sikuwa na jibu.
Kumbe kusikiliza ni kazi ya mgongo:
unabeba, hutui, huulizi uzito.
Nilichelewa kufunga kwa dakika hamsini.
Daftarini nikaandika: Hitilafu ya joto, ghorofa ya tatu.
Si uongo mkubwa.

Alfajiri zamu ikaisha, sikwenda kulala.
Nikapanda basi mpaka bwenini kwake,
tukarudi wote, hatusemi, mpaka chumba 118.
Karatasi mlangoni: Nafasi ya karibu, baada ya wiki tatu.
Wiki tatu!
Bomba likipasuka humu tunalifikia ndani ya saa moja.
Nikagonga. Marjut akafungua, kijiko mkononi,
uji wake ukifuka moshi nyuma yake.
"Ulisema tusindikize," nikamwambia. "Nimesindikiza."
Akaitazama karatasi yake, akatutazama sisi,
akavuta kiti.

Nisikudanganye kuhusu mwisho.
Takwimu zilimwangusha mara ya tatu.
Akaomba mwaka wa mapumziko, akaenda kwao,
akamwambia mama yake. Sijui kwa maneno gani.
Najua tu mama alipiga simu kwenye dirisha langu
akauliza ile supu tunatia nini.
Karatasi ya mlangoni ingalipo,
siku hizi inasema wiki mbili.
Nimemwandikia mkuu wa shule mara nne.
Raili ananihariria barua ya tano,
anaondoa matusi.

Septemba nilikuta bahasha dirishani:
glavu niliyomwazima usiku ule, ya kushoto.
Ya kulia imepotea, kaandika, samahani sana,
atanunua jozi mpya akipata kibarua.
Nikamjibu asinunue.
Mkono wa kulia ndio unaoshika funguo,
hauvai kitu.
Huwezi kulijua tundu la kitasa
kwa kidole kilichovaa.