Karatasi ya Tisa

Kamalondo, nyuma ya kibanda cha makala,
shangazi Mujinga anafungua kopo la biskuti:
karatasi nane za daftari la mchuuzi wa chumvi,
na juu ya hesabu zake, watu.

Mukembe aliwachora kwa masizi na utomvu
mji huu ulipokuwa bado msitu na vichuguu.

Ya kwanza, wanaume wanakula shaba,
ndivyo walivyosema wenyewe, kula;
tanuru la udongo lina matiti kama mzazi.
Ya pili, misalaba ya shaba mabegani, safari.
Ya tatu ni mvua. Mistari imelala upande mmoja,
na miguu. Nyuso hakuna.
Ya nne, wa mwisho kwenye msafara ameanguka.
Ya tano, msafara ule ule,
mzigo wake umepanda juu ya mzigo wa mwingine.

Nahesabu vichwa kama karani.
Kumi na mmoja. Kumi. Tisa. Sita.
Pembeni, mwenye daftari: *chumvi, vipande sita,*
mwandiko safi, haukutetemeka.

Ya nane, mwanamke uani
ameinua mchi. Haujashuka.

"Na ya tisa?"
Shangazi anafuta kopo kwa pindo la kitenge.
"Mama aliifungia karanga za kuuza, mwaka wa njaa.
Ulitaka tule picha?"

Nje lori la madini linapita,
vumbi linamtua yule mwanamke.
Shangazi anampuliza polepole,
kama mtoto aliyeingiwa na kitu jichoni.