Kukwangua Nta

Jumatatu ni siku ya nta.
Napiga magoti, si kwa sala,
kisu cha siagi mkononi, maji moto ndooni,
nakwangua mishumaa ya wageni
kwenye mawe aliyoyachonga babu wa mume wangu
kwa ujira wa ngano.

Juzi lilikuja basi la kwanza.
Walivaa fulana zenye nyota,
wakanipongeza kwa kuishi ndani ya unabii.
Mmoja akauliza niliokoka lini.
Nikamwonyesha birika la ubatizo,
ukingo wake umelika kama kizingiti.

Alasiri likaja la pili.
Hawa walivaa vilemba vyetu shingoni,
wakalia kabla sijawaambia neno.
Tunasimama nanyi, wakasema.
Kisha wakaketi basini,
maana kituo cha ukaguzi hufungwa mapema.

Wote waliwasha mishumaa.

Wietske alibaki, yule Mholanzi wa meno makubwa.
Alfajiri huhesabu wanaume langoni,
wangapi wamepita, wangapi wamerudishwa,
aandika daftarini kwa kalamu ya risasi
kwa sababu wino huganda kwa baridi.
Usiku mmoja, chai imepoa, akanisimulia
bibi yake alivyosikia jirani wakichukuliwa,
mshona kofia, Myahudi, mke na watoto wanne,
akafunga dirisha,
akaendelea kumenya viazi.
Ndiyo maana nahesabu, akasema.
Sikumjibu. Niliwaza deni
lililoandikwa kwa jina la bibi yake
na mizeituni yangu kumi na minane iliyolilipa.
Kisha nikampa blanketi la pili.

Jana ilikuwa zamu ya Nuhad kusoma.
Alipofika kwenye jina la lile taifa la kale
sauti ilikwama kama gari matopeni.
Jina hilo hilo limo kwenye muhuri
wa karatasi ya kubomoa jiko la mama yake.
Kasisi Mitri akangoja. Tukangoja sote.
Kuna wanaoliruka, wakakohoa, wakaendelea.
Nuhad alilisoma,
polepole, kama anayemeza mwiba wa samaki,
na Amina yetu ikatoka na mapengo.

Huniuliza, hawa wa mabasi: mama, uko upande gani?
Wa kaskazini, nawaambia. Ndiko paa linakovuja.

Tirza hauulizi hivyo.
Huja kila mwezi na limau za uani kwake,
akilipita lile bango jekundu
linalomkataza kwa lugha yake mwenyewe.
Mpwa wake aliuawa na bomu mkahawani,
kijiko bado mkononi.
Aliyelibeba alitoka mtaa wa pili na wetu,
mama yake na mimi twanunua mkate dirisha moja.
Siku ya kwanza Tirza alisimama mlangoni:
Nimekuja kusikia mnaomba nini.
Leo? nikamwambia. Mvua.

Hajasema amesamehe. Sijamwomba.
Mimi naye hajaniomba, wala sina la kumpa.
Hapigi magoti humu ndani, mila yake haimruhusu;
amechuchumaa kando yangu,
anakwangua kwa kadi ya maktaba iliyokwisha muda,
na nta inaingia chini ya kucha zetu.

Kwaresima, mishumaa ni mingi.
Maji yameshapoa ndooni.
Mmoja wetu itabidi ainuke.