Saa Mbili na Nusu, Pasua

Mie yule mama mkwe simchukii.
Ndiye pekee mle ndani anayejua bei ya sukari.
Wenzake kulia tu, na wanja hauchuruziki,
wanalala na hereni, wanaamka wamesukwa.

Nashona sare za shule, televisheni juu ya kabati.
Nikikanyaga cherehani maneno yananipita;
nikiacha, shati la mtoto wa Ndeshi
linabaki na mkono mmoja.

Sehemu ya mia na kumi na mbili:
kijana kapoteza kumbukumbu. Tena!
Hospitali haina foleni, daktari ana nafasi ya kupenda.
Mawenzi nilikaa na mama tangu alfajiri;
jina lake lilipoitwa, hakuna zeze lililolia.

Hadithi mbovu, nasema wazi.

Ila jana yule baba alimwomba mwanawe radhi,
Kiswahili cha kubandikwa, mdomo umeshafunga
na neno "nisamehe" bado linakuja.
Mguu ukasahau cherehani.
Wangu alifunga mdomo vivyo hivyo,
nikangoja neno lifike.

Luku ikaanza kulia.
Nikakopa buku mbili kwa Aikaruwa.

Leo msinipigie saa mbili na nusu.