Safu ya Kumi na Tatu

Walinipa tableti na jedwali la safu kumi na mbili:
tarehe, wanaume, wanawake,
akidi ilitimia au haikutimia,
mapato yalisomwa au hayakusomwa,
na kuendelea hadi pembeni mwa kioo.
Kazi yangu ni vidole tu.
Miaka kumi na tisa ya mkutano mkuu wa kijiji cha Mnalale,
huku juu Newala,
niitoe kwenye wino niitie kwenye mwanga.

Madaftari yalilala ghalani, katikati ya mifuko ya salfa.
Nikifunua ukurasa, unga wa manjano wanipanda puani,
napiga chafya juu ya ajenda namba tatu.
Mwaka mmojawapo mchwa wameula wote,
wamebakiza jalada na neno moja: Yatokanayo.
Jedwali likauliza: akidi ilitimia?
Nikaandika: waulizwe mchwa.
Kioo kikakataa. Kinataka ndiyo au hapana.

Siku ya nne nikaanza kuona kitu.
Ndugu Likapa alitaka ufafanuzi.
Ndugu Nambole alipinga, akasimama kwa mara ya pili.
Lakini wanawake, mkutano baada ya mkutano,
kwa miandiko ya makarani watano:
Akina mama walishukuru.
Nikaiambia mashine ihesabu.
Haikuchoka, haikuona haya.
Arobaini na moja.

Mama alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Nikamsomea: Julai, mwaka wa pampu, mliushukuru uongozi.
Hakuinua uso.
"Nilishukuru nini? Niliuliza
laki nane za dizeli zimenyweshwa pampu gani,
maana yetu ilikuwa kavu tangu mfungo."
Na karani?
"Alikuwa anaandika. Nilimwona kwa macho yangu.
Nikaketi, nikijua nimeandikwa."

Usiku ule nikaongeza safu ambayo hakuna aliyenituma:
Kilichosemwa, hakikuandikwa.
Nikapita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti.
Bi Somoe Chilumba alikumbuka hadi rangi ya shati la mwenyekiti.
Wawili waligombea swali moja, kila mmoja akidai ni lake;
nikawaandika wote wawili.
Wapo waliojitia ujasiri ambao siku ile hawakuwa nao.
Nao nikawaandika, nikaweka alama ya kuuliza.

Ikabaki siku mbili mapato yasomwe.
Simu zikalia kijiji kizima: Mkutano umeahirishwa,
na chini yake muhuri wa kijiji, bluu, umekolea.
Nikaupanua kwa vidole viwili.
Mimi na muhuri huo tumekesha pamoja.
Najua M yake ilivunjika mguu miaka mingi nyuma,
tangu hapo kila barua yetu inachechemea.
Hii M imesimama wima kwa miguu yote miwili,
kama mgeni.

Nikampigia mtendaji: hapatikani.
Chaji asilimia nne.
Nikauweka muhuri wa kweli kando ya ule wa uongo,
picha moja, nikakimbia nayo bombani
kabla kioo hakijafa.
Bi Somoe akaitazama, akacheka hadi ndoo ikafurika.
"Muhuri wetu mlemavu, huyu mzima katoka wapi?"
Simu ikazima mkononi mwake.
Habari ikaendelea na safari,
ndoo kwa ndoo, ua kwa ua.

Siku ya mkutano walikuja wengi kuliko madawati.
Karani alikuwa na udhuru; nikaombwa niandike mimi.
Nikahesabu vichwa mara mbili. Akidi: ndiyo.
Mwenyekiti akakohoa, akapekua karatasi.
"Yatokanayo," akasema.

Mama akasimama.
Hakumtazama mwenyekiti.
Alikitazama kidole changu.