Meno Tu

Meno yangu yana rangi ya chai iliyolala.
Tulishazoea: ni maji ya kisima cha Rhonda,
mtaa mzima tunacheka midomo ikiwa imefumbwa.
Kwa hiyo Bi Jerotich aliponipaka mafuta baridi ubavuni,
akasukuma kile kidude huku na huku,
akahesabu kwa sauti, moja, mbili, nne, saba,
kisha akanyamaza ingawa kidole kiliendelea,
nilimwahi:
"Ni maji, sivyo?"

Kwenye kioo figo yangu ilikuwa nchi iliyofurika,
vidimbwi vyeusi vya mviringo vikisukumana,
kama ziwa letu lilipopanda
likameza lango la mbuga na nguzo za stima,
na kila mtu Nakuru akawa na sababu yake.

Nyumbani vilevile.
Mama: ulikuwa unabana mkojo shuleni.
Shangazi Wangeci: ni zile dawa za mgongo,
unazitafuna kama njugu.
Jirani: soda. Jirani wa pili: mkono wa mtu,
miaka ishirini na mitatu si umri wa kuharibika ndani.
Mimi niling'ang'ania maji.
Maji hayana ukoo. Maji unaweza kuyachemsha.

Daktari hakuuliza habari za maji.
"Baba yupo?"
Hayupo. Alianguka kutoka kwenye trekta, Njoro, msimu wa ngano,
akiwa na arobaini na mmoja.
"Aliugua nini?"
Kichwa. Mshipa ulipasuka.
Tulisema ni wivu, maana alikuwa amenunua ploti.
Kalamu ikasimama.
"Na mama yake?"
Alivimba miguu. Tulimzika na viatu vya mwanawe.

Kumbe ploti haikuwa urithi pekee.
Kulikuwa na hati nyingine,
haikupita kwa wakili wala kwa chifu.

Hatujawa na hakika, alisema. Kuna vifuko vinavyojizukia tu,
kimoja, viwili, tena kwa wazee.
Lakini vingi hivi, figo zote mbili, mapema hivi…
Akanipima presha. Akanipima tena.
Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni shilingi iliyorushwa juu.

Usiku Ngatia ameingia jikoni, miaka kumi na minne,
amechota kikombe mtungini,
anakunywa wima, koo likipanda na kushuka.
"Mbona unanikodolea macho?"

"Meno," nimesema.
"Natazama meno tu."