Nati Moja, Mara Moja

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Miaka kumi na saba natumbukiza mipira kwenye beseni
nangoja viputo vinionyeshe penye tundu.
Viputo havina aibu, wala havisemi "huenda".

Kichwa changu sikuwahi kukitumbukiza.

Mwezi wa Shabani nilifunga breki za kijana Kihiyo,
mtoto wa muuza machungwa wa Makorora.
Siku ya tatu akaanguka kona ya Usagara.
Mkono ukavunjika, wiki sita za plasta.
Hakuna aliyenilaumu. Baba yake alikuja na machungwa
kunipa pole mimi, maana nililia kumshinda.

Usiku ule wazo likaingia bila hodi,
likakalia kiti changu:
mikono yako itaua mtu.

Basi nikaanza. Nakaza nati, nakaza tena,
naondoka, nafika Mabanda ya Papa, narudi kwa miguu
kuigusa tu. Nikiigusa nahesabu hadi kumi na moja.
Nati zikaisha meno kwa kukazwa, na huo ndio ufundi!
Wateja wakavuka barabara kwenda kwa Mbaruku.
Mfunguo Pili ilinikuta na duka limefungwa,
nami ndani, gizani, spana mkononi.

Mama akasema husuda. Nikanywa kombe,
zafarani ikanipaka ulimi manjano.
Shemeji akasema uvivu.
Nikanywa na hilo.

Mwanamkasi, mke wangu, hakusema kitu.
Alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake
akapiga pedali hadi Bombo, mtaa mzima ukitazama
fundi akibebwa.

Chumba kidogo, feni inalia,
na Bi Shemdoe ana umri wa mdogo wangu.
Nilitarajia sindano, au mahubiri.
Akanipa kalamu na daftari la kurasa arobaini na nane,
akachora safu tatu:
lililotokea, ulichowaza, ushahidi.
"Hilo wazo, katika mia, unaliamini ngapi?"
Tisini na saba. Tatu nimemwachia Mungu.
Akacheka, akaandika: 97.

Safu ya tatu ilinitesa.
Breki ulizofunga miaka yote hiyo, ngapi?
Kumi kwa wiki; piga hesabu mwenyewe.
Walioanguka? Kihiyo.
Na mvua ya siku ile? Na mafuta ya lori la saruji pale konani?
Niliyajua. Niliyajua tangu mwanzo,
ila sikuyaita shaurini.

"Kwa hiyo niseme mikono yangu haina kosa?"
"Sijakuambia hivyo. Usiuze uongo mweusi ukanunua mweupe.
Tumbukiza, utazame."
Habari ya beseni nilikuwa nimemsimulia mwenyewe.

Kazi ya nyumbani: nati moja, mara moja.
Kaza. Inuka. Usirudi kugusa.
Hofu ipande, wewe iandikie saa.

Siku ya kwanza nilifika kwa muuza kahawa, hatua ishirini.
Jasho. Moyo mnyororo uliochomoka kwenye meno.
Saa tano na robo: tisini.
Saa tano na nusu: themanini na tano.
Kahawa ya pili, kashata ya tatu: hamsini.
Sikuifukuza. Ilishuka yenyewe,
kama upepo unavyotoka tundu la sindano.

Siku ya nne nilirudi kugusa. Mara sita.
Hilo nalo liko daftarini. Bi Shemdoe hakukunja uso.

Jana kijana Kihiyo kaja, mkono umenyooka kiasi,
anataka breki. Breki! Kwangu!
Nikafunga. Mara moja.
Akapanda, akapiga kengele bila sababu,
akakata kuelekea Usagara.
Nikasimama nikimsikiliza mpaka nisimsikie,
nikafungua daftari.
Lililotokea: ameondoka.
Nilichowaza: lile lile.
Naliamini: thelathini na nane.

Mwanamkasi akasoma juu ya bega langu.
"Na hizo thelathini na nane?"

Sikumjibu. Maji ya beseni yalikuwa machafu.
Nikayamwaga, nikaenda kuteka mengine.