Uzito wa Labda

Jioni uani kwa Purevdorj, mjini Dalanzadgad,
baridi imeshika mabati, vyuma vinang'ata vidole,
nasi tunabishana juu ya tairi la tatu.

Gari ni lile la Kirusi, la kijivu, umbo la boflo,
springi zake zimechoka kuliko mwenyewe.
Juu ya turubai amepanga bidhaa kama mchuuzi:
pampu ya petroli ndani ya soksi ya sufu,
mkanda wa feni, plagi nne, hosi ya rejeta
aliyoikata kwenye lori lililokufa,
na waya, kwani waya, asema,
haujawahi kumkana mtu.

Mimi ni daktari wa mifugo.
Nina masanduku mawili ya chanjo,
ngamia mia tatu wanaonisubiri
kule ambako ramani imeachwa nyeupe,
na nina hesabu yangu: kila kilo ya labda
hunywa petroli ya hakika.

Labda, ndilo neno lake. Labda mwamba.
Labda mchanga. Labda yote mawili, tena Jumapili.
"Na jeki ya pili?"
"Labda ya kwanza itazama."
"Na mabeleshi mawili?"
"Kwani wewe utakaa tu ukinitazama?"

Akiba haiozi, sawa;
ila hupanda mlima ikiwa mgongoni mwako.

Nikakaa juu ya ndoo, nikalitazama turubai,
ndipo nikaona: hapa hakuna vifaa, kuna makovu.
Pampu ni zile siku mbili kando ya ziwa la chumvi,
tukikwangua barafu ya kioo tupate chai.
Tyubu ni shemejiye, aliyetembea usiku kucha
akarudi na vidole vinane.
Kila anachopakia kimekwisha kumfika.
Anafungasha jana, kwa kamba, mafundo mawili mawili.
Ajali ya kesho haimo kwenye soksi yoyote,
bado haijajitambulisha.

Nilitaka kumwambia hayo.
Nikasema tu, "Tairi la tatu libaki."
Akajikuna kisogo. "Basi na kitabu chako kibaki,
kile kinene. Na kiti cha kukunja."
Tukapatana kama majirani wa mpaka mmoja,
kila mtu akijiona kaibiwa.

Usiku usingizi ukanikwepa.
Kando ya ziwa lile hatukukosa maji.
Siku ya pili tulikosa la kusema:
nilimlaumu, akanyanyuka,
akaenda kukaa nyuma ya gurudumu
upande wa upepo, hadi jua likazama.
Hilo halina kipuri.

Nikashuka na tochi, nikafungua mlango taratibu,
nikachomeka karata chini ya kiti chake
na biskuti za tangawizi, zile anazozipenda
na kukana kwamba anazipenda.

Alfajiri gari limechuchumaa kuliko jana.
Juu ya paa, chini ya blanketi la farasi,
kuna kitu cha mviringo. Sikuuliza.
Mahali pangu pa kukaa, kitabu kinene,
kimefungwa kamba, mafundo mawili mawili.

Tukatoka langoni. Springi zikanung'unika.
Kilomita ya kumi na moja kitu kikaanza kugonga huko nyuma,
tik, tik, polepole,
kitu ambacho hakuna kati yetu
aliyekumbuka kukipakia.